TB ikirudi, makohozi kwanza

Kilimatinde ipo ukingoni mwa Bonde la Ufa, kusini mwa mji wa Manyoni mkoani Singida, na hospitali yake ya Mtakatifu Yohana, ya Kanisa Anglikana, hutegemewa na wakulima na wafugaji waliotawanyika katika vijiji vilivyo mbalimbali. Mahali kama hapo, mgonjwa aliyemaliza dozi ya kifua kikuu kisha akarudi mwaka haujaisha, kakonda na anakohoa upya, mara nyingi hukutana na swali moja kabla ya jingine lolote: uliacha dawa? Swali lenyewe halali, ila halitoshi, na likiachwa liamue matibabu linaweza kuua. Kwamba mtu aliwahi kutibiwa TB ni sababu ya kumpima kwa undani kuliko mgonjwa mpya. Hakutuambii bado apewe dawa gani.

Kwa zaidi ya miaka 25 mambo yalikwenda kinyume. Mgonjwa wa kurudia alikuwa na dozi yake maalumu ya miezi 8: dawa nne za kawaida, yaani rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, na juu yake sindano ya streptomaisini kila siku kwa miezi 2 ya mwanzo. Mpango huo ulienezwa na Shirika la Afya Duniani mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Tanzania haikuwa mbali na chimbuko lake, kwa kuwa Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma, ulioanza mwaka 1977 kwa msaada wa Daktari Karel Styblo, ndio uliogeuka mfano wa kuigwa na nchi nyingine maskini. Mpango huo wa sindano ulitokana na busara ya watu wazoefu. Majaribio ya kuuthibitisha hayakuwapo. Kasoro yake iko wazi kwa yeyote aliyesoma kanuni ya kwanza ya tiba ya TB, kwamba dawa zinaposhindwa usiongeze dawa moja peke yake. Kama vimelea vimeshakuwa sugu kwa rifampisini na isoniazidi, streptomaisini inabaki kupigana karibu bila msaada, nayo itazoeleka kama ilivyozoeleka miaka ya 1940 ilipotolewa pekee. Ongeza na usumbufu: sindano haichomwi nyumbani na ndugu, kwa hiyo mgonjwa dhaifu anayekaa mbali alitakiwa atembee hadi kituoni kila asubuhi, au apange chumba jirani na hospitali, huku dawa yenyewe ikiweza kumharibu masikio. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba mpango huo usitumike tena, na kwamba mgonjwa wa kurudia apimwe usugu kwanza, kisha tiba ifuate majibu.

Mtetezi wa sindano atasema, na kweli anayo haki ya kusema, kwamba wagonjwa wengi walipona kwa mpango ule. Walipona. Ila swali ni nini kiliwaponya, na jibu lake limo katika majaribio yaliyofanyika hapahapa kwetu. Kuanzia mwaka 1970 hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia zilishirikiana na watafiti wa Uingereza kupima dozi za miezi 6. Wagonjwa walilazwa na kumezeshwa dawa mbele ya wauguzi, kwa hiyo utoro haukuwa na nafasi. Hata hivyo, katika kundi lililopewa streptomaisini na isoniazidi tu, karibu wagonjwa 29 kati ya 100 walirudiwa na ugonjwa baadaye. Katika kundi lililoongezewa rifampisini walirudiwa karibu 3 tu. Tofauti hiyo ilitoka kwenye dawa, wala si kwenye tabia za wagonjwa. Jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito zaidi, ni kwamba waliorudiwa baada ya kumaliza dozi vizuri, kwa sehemu kubwa walibaki na vimelea vinavyouawa na dawa zilezile. Ni masalia yaliyokuwa yamelala mapafuni, yakaamka, kwa kawaida ndani ya mwaka mmoja tangu dawa kuisha. Watu wa namna hii wangepona kwa dozi ya kawaida ya miezi 6 bila kuchomwa hata sindano moja.

Lakini kikohozi kilichorudi hakina chanzo kimoja. Mgonjwa ambaye makohozi yake bado yana vimelea katika mwezi wa tano wa dawa si sawa na aliyepona akakaa mwaka mzima. Huyo wa kwanza ndiye wa kushukiwa usugu haraka. Mwingine hakurudiwa kabisa, ameambukizwa upya. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kutoka Cape Town ulilinganisha vimelea vya wagonjwa 16 waliougua tena baada ya kupona, na katika 12 kati yao vimelea vya mara ya pili vilikuwa vya ukoo tofauti na vya kwanza. Hatari hiyo huongezeka kwa mwenye virusi vya UKIMWI, na kwa anayevuta vumbi la mawe, jambo la kuzingatiwa Singida kwenye machimbo ya dhahabu kama Londoni na Sekenke. Yupo pia asiye na TB tena. Mapafu yake yamebaki na makovu na mapango, kuvu wameota ndani, anakohoa hadi damu, na picha ya eksirei inafanana mno na ile ya ugonjwa wa kwanza. Ukimwanzishia dawa za TB huyo, unampotezea miezi.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni la umbali. Mgonjwa wa TB anaambukiza wengine; je, akae akisubiri majibu kutoka maabara ya mbali? Zamani pingamizi hili lilikuwa na nguvu, kwa sababu kuotesha vimelea huchukua wiki kadhaa. Tangu Desemba 2010, Shirika la Afya Duniani lilipoidhinisha kipimo cha GeneXpert, hali si ile tena: mashine husoma makohozi kwa muda usiozidi saa 2 na kusema kama kuna vimelea na kama ni sugu kwa rifampisini. Pasipokuwa na mashine, kinachopaswa kusafiri ni kikopo cha makohozi, kimefungwa vizuri, kwa pikipiki au basi; mgonjwa abaki nyumbani. Gharama ya safari hiyo ni ndogo ukiilinganisha na miezi 8 ya tiba isiyofaa.

Mashine nayo ina mipaka yake, na hapa mgonjwa wa kurudia ndiye mgumu zaidi. Inatafuta vinasaba, na vinasaba vya vimelea vilivyokufa huweza kubaki mapafuni muda mrefu baada ya mtu kupona. Toleo jipya ni jepesi kunasa kiasi hadi linaweza kuonyesha chembe kidogo kwa mtu asiyeumwa tena. Kwa hiyo jibu la chembe kidogo kwa aliyetibiwa miaka ya karibuni lisiwe hukumu. Aangaliwe dalili zake, picha yake, na makohozi yaoteshwe. Tena kipimo cha kawaida cha GeneXpert hakioni usugu wa isoniazidi pekee, ambao unahitaji kipimo kingine na tiba yenye levofloksasini. Udhaifu huu unatutaka tuongeze vipimo, wala hauturudishi kwenye kubahatisha.

Na wale wachache wenye usugu wa kweli? Zamani habari hiyo ilitisha: miezi 18 hadi 24 ya dawa, sindano zilizowaacha baadhi yao viziwi, na kwa Mtanzania, safari hadi hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro, ambako tiba hiyo ilianzia mwaka 2009. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza vidonge vya miezi 6 vyenye bedakwilini kwa wengi wao, bila sindano.

Linabaki suala la utoro. Wapo wanaoacha dawa, sibishi. Lakini ukimgombeza aliyeacha kwa sababu ya njaa ya kiangazi, au kwa kuhamisha ng'ombe kutafuta malisho, safari ijayo hatasema kweli kuhusu dozi alizoruka, na hiyo kweli ndiyo daktari anayoihitaji. Tangu mwaka 2006 mwongozo wa Tanzania unamruhusu mgonjwa kuchagua amezee dawa nyumbani mbele ya msimamizi wake. Basi kama uliwahi kutibiwa TB na sasa umekohoa wiki 2, usinunue antibiotiki dukani, maana baadhi yake hupoza ugonjwa kwa muda na kuuficha. Nenda na kadi yako ya zamani, taja kila dawa uliyoruka, na utoe makohozi kabla ya kumeza kidonge cha kwanza. Vipimo na dawa za TB hutolewa bila malipo.