Askari na Ulinzi wa Samaki

Sisi tuliozaliwa mbali na pwani hudhani kwamba bahari haina mwisho na samaki wake hawaishi. Majirani zetu wa Kenya na Tanzania wanajua kwamba sivyo. Samaki wengi wa pwani hutegemea matumbawe kwa chakula na maficho. Matumbawe yakivunjwa, samaki hutoweka na nyavu hurudi tupu.

Kwa sababu hiyo, mwaka 1968 Kenya ilitenga hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizo miongoni mwa za kwanza barani Afrika. Tanzania nayo ilitunga sheria ya hifadhi za bahari mwaka 1994, na mwaka uliofuata ikaanzisha Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, yenye kilomita za mraba 822. Humo zimo sehemu ambazo uvuvi umekatazwa kabisa, na nyingine ambazo wenyeji huvua kwa zana halali. Maana yake ni kwamba samaki aliyeachwa akakua hutaga mayai mengi kuliko mdogo, na ziada huvuka mpaka wa hifadhi ikamfikia mvuvi.

Adui mkubwa katika pwani ya Tanzania alikuwa uvuvi wa baruti, ambao huua samaki wakubwa kwa wadogo na kubomoa matumbawe yaliyokua kwa miaka mingi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wanamaji wa Tanzania walitumwa kuukomesha. Milipuko ilipungua sana, lakini miaka michache baada ya operesheni ilianza tena. Huko Kuruwitu, kaskazini ya Mombasa, mambo yalikwenda kwa njia nyingine: mwaka 2005 wavuvi wenyewe walikubaliana kufunga sehemu ya bahari yao, nao ndio wailindao.

Ndugu askari, mafunzo haya yanatuhusu. Mwaka 2017 jeshi letu lilipewa kazi ya kuzuia uvuvi haramu katika maziwa ya Uganda. Ziwa si bahari, lakini sheria inayomlinda mputa asiyefika inchi 20 ina shabaha ile ile: samaki azae kabla ya kuvuliwa. Hata hivyo, malalamiko ya wavuvi kwamba wamepigwa na askari yamefika hata Bungeni. Hatuwezi kuyapuuza.

Wajibu wetu ni kumkamata mhalifu bila kumdhuru, kutunza vielelezo na kumkabidhi kwa polisi ili mahakama iamue. Doria haiwezi kuwa kila ghuba usiku na mchana, bali mvuvi yuko pale daima. Mvuvi aliyeheshimiwa atatuonyesha nyavu haramu zilikofichwa. Aliyepigwa atanyamaza, na samaki watakwisha mbele ya macho yetu.