Jicho la Kipofu Lijualo Mchana

Mtu akipofuka kabisa, hata asiweze kutofautisha adhuhuri na usiku wa manane, je, macho yake yamebakiwa na kazi gani? Kwa muda mrefu madaktari walijibu: hakuna. Jicho la namna hiyo lilihesabiwa kuwa limekufa, na kama lilileta maumivu hapakuwa na sababu kubwa ya kulihurumia. Liliondolewa, na mahali pake pakatiwa jicho la kioo. Siku hizi, wasomaji wapendwa, swali hilo halijibiwi tena kwa haraka namna hiyo.

Kwanza tukumbushane yale yanayofundishwa darasani. Mwanga huingia jichoni kwa kupitia mboni, ile nafasi nyeusi ya katikati, nao huangukia utando mwembamba ulio nyuma, uitwao retina. Humo mna chembe za namna mbili zipokeazo mwanga. Zile zenye umbo la fimbo hutusaidia wakati wa giza. Zile zenye umbo la pia, kama pia wachezeayo watoto, hututambulisha rangi na vitu vidogo vidogo, kama herufi za ukurasa huu. Zote zikifa, mtu haoni tena. Tangu mwaka 1866, Max Schultze wa Ujerumani alipoeleza kazi ya fimbo na pia hizo, karibu kila mtaalamu aliona ya kwamba hesabu imefungwa.

Aliyetia shaka alikuwa kijana, wala hakutumia mashine kubwa, bali panya. Katika miaka ya 1920, Clyde Keeler, aliyekuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, alipata panya waliozaliwa na kasoro ya kurithi, wasio na zile chembe za fimbo. Panya hao walikuwa vipofu. Basi akawamulika kwa taa, akatazama mboni zao. Kumbe, mboni zilijifinya! Zilijifinya polepole kidogo kuliko za panya wazima, lakini zilijifinya. Kitu gani kiliziambia kwamba mwanga umekuja? Mwaka 1927 Keeler aliandika habari hiyo, nayo ikalala vitabuni kwa miaka mingi, kwa kuwa haikupatana na yale ambayo watu walikwisha kuyaamini.

Ili tuelewe yaliyofuata, yafaa kusema neno juu ya saa ya mwili. Chini ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho mawili inapokutana, pana fungu dogo la chembe zipatazo 20,000. Fungu hilo ndilo linaloamuru saa ya kulala na ya kuamka. Lakini saa hiyo haiendi sawasawa na jua: kwa wastani mzunguko wake ni saa 24 na dakika 10 hivi. Mwanga wa kila siku huirekebisha, kama baba wa nyumba arekebishavyo saa ya ukutani inayochelewa.

Sasa fikirini kipofu ambaye saa yake hairekebishwi. Tuseme inachelewa nusu saa kila siku. Baada ya siku 24, usiku wake wa ndani umeangukia adhuhuri. Mchana anasinzia mbele ya watu, usiku amekodoa macho peke yake, na jirani asiyejua humwita mvivu. Baada ya siku 48 amerudi sawa na wenzake, kisha mateso yanaanza upya. Vipofu wengi huishi hivyo. Lakini wengine, wasioona hata kidogo, hulala na kuamka kama sisi. Kwa nini?

Mwaka 1995 Charles Czeisler na wenzake, huko Marekani, walichukua vipofu 11 wakawawekea mwanga mkali wakati wa usiku, huku wakipima katika damu yao homoni iitwayo melatonini. Homoni hiyo mwili huitoa usiku, nayo hupungua mtu mzima wa macho akipata mwanga. Katika vipofu watatu ilipungua vilevile! Wawili kati ya hao walipojaribiwa tena wakiwa wamezibwa macho, haikupungua. Ilikuwa dhahiri basi kwamba macho yao yaliyokufa yalikuwa yakifanya kazi. Mwaka 1999, huko Uingereza, Russell Foster na wenzake walionyesha jambo hilohilo kwa panya wasio na fimbo wala pia hata moja: saa yao ilifuata taa, lakini macho yakiondolewa, haikufuata tena.

Palibaki kumtafuta mpokezi mwenyewe, na alipatikana mahali ambapo hakuna aliyemtarajia: katika ngozi ya chura. Huyo ni chura wa Afrika yetu, mwenye kucha miguuni, ambaye ngozi yake hubadilika rangi. Chembe za ngozi hiyo huusikia mwanga zenyewe, bila jicho. Mwaka 1998 Ignacio Provencio na wenzake walikuta ndani yake kitu walichokiita melanopsini. Mwaka 2000 wakakikuta katika retina ya mwanadamu, si katika fimbo wala pia, bali katika chembe chache za tabaka la ndani, zile ambazo nyuzi zake hupeleka habari ubongoni. Mwaka 2002 David Berson wa Chuo Kikuu cha Brown alizichukua chembe hizo katika jicho la panya, akazikatia kwa dawa mawasiliano yote na fimbo na pia, kisha akawasha taa. Zikaitika zenyewe, hasa kwa mwanga wa buluu.

Mwaka 2007 alipimwa mama mmoja mzee wa miaka 87, kipofu wa siku nyingi. Alipomulikwa kwa rangi mbalimbali hakuona kitu. Ilipofika ile ya buluu, aliweza kusema kwamba mwanga upo.

Haya yana maana nyumbani. Katika nyumba nyingine babu aliyepofuka huachwa chumbani, dirisha limefungwa, kwa kudhani kwamba kwake mwanga na giza ni mamoja. Huenda sivyo! Kama ugonjwa uliharibu fimbo na pia tu, zile chembe za ndani zaweza kuwa hai, na saa ya babu yangoja jua la asubuhi pale barazani. Aliyepofushwa na glaukoma, yaani presha ya jicho, ana bahati ndogo zaidi, maana ugonjwa huo huua chembe za tabaka la ndani. Na daktari akishauri jicho lililopofuka liondolewe, jamaa waulize kwanza: mgonjwa huyu hulala na kuamka kwa saa zake?

Wale wasio na njia hiyo hawakuachwa bure. Mwaka 2000, Robert Sack na wenzake waliwapa vipofu saba miligramu 10 za melatonini kila siku, saa moja kabla ya kulala. Saa za sita kati yao zilipatana na siku ya watu wote. Ya yule wa saba ilikataa.