Kati ya Hasara na Malipo: Utangulizi wa Sheria ya Madai ya Bima Kanada

Anayetaka kuijua sheria ya bima ya Kanada asianzie Ottawa. Mwaka 1881, katika kesi ya Parsons, mfanyabiashara wa Ontario aliyeunguliwa na ghala la bidhaa za chuma, Baraza la Faragha la Malkia (Privy Council) huko London, lililokuwa kituo cha mwisho cha rufani, liliamua kuwa mikataba ya bima ni mambo ya majimbo. Ndiyo maana hadi leo haki za majeruhi wa barabarani, hata masharti ya lazima ya hati ya bima, hubadilika ukivuka mpaka wa jimbo. Aliyesomea sheria Dar es Salaam au Nairobi atayatambua mengi, kwani chimbuko ni lile lile la Kiingereza. Quebec ndiko atakakojikuta mgeni: sheria ya madai ina asili ya Kifaransa, na tangu 1978 aliyeumia katika ajali ya gari hulipwa na shirika la umma bila kumshtaki dereva.

Kwangu, hata hivyo, utamu wa somo hili uko katika kile kipindi kati ya hasara na malipo. Soma kwanza kesi ya Whiten dhidi ya Pilot. Januari 1994, usiku wa manane, familia ya Whiten ya Ontario ilikimbia moto na nguo za kulalia, baridi ikiwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Baba alimpa binti yake ndara zake. Miguu yake mwenyewe ikababuliwa na barafu. Kampuni yao ya bima, Pilot, ilitoa dola 5,000, ikawalipia pango kwa miezi michache, kisha ikakata bila hata kuwaarifu. Ikadai wameichoma nyumba wenyewe, ingawa mkuu wa zimamoto na mkadiria hasara iliyemtuma yenyewe hawakuona dalili hiyo. Juri ikaitoza dola milioni moja, fidia ya adhabu. Mahakama ya Rufani ikapunguza hadi 100,000. Mwaka 2002 Mahakama ya Juu ikairudisha milioni yote.

Hii haimaanishi kwamba kila dai lazima lilipwe. Kampuni inaweza kuchunguza na kukataa kwa sababu za haki. Isichoruhusiwa ni kumchosha aliyekwisha kuungua mpaka akubali chochote. Na kuchosha ni rahisi: dai lile lilikuwa la takribani dola 345,000, na gharama za mawakili zikakaribia 320,000. Huko Kanada anayeshindwa kwa kawaida hubeba sehemu ya gharama za mshindi, kwa hiyo mdai huweka rehani kidogo alichobakiwa nacho. Si ajabu kesi nyingi huishia kwenye suluhu.

Kabla ya hoja yoyote kuhusu uaminifu wa kampuni, angalia tarehe. Ontario muda wa kawaida wa kushtaki ni miaka 2 tangu kugundua dai, lakini kwa bima ya moto ni mwaka 1 tangu hasara. Ukichelewa, hata dai la haki hufa.