Bei Juu, Viwanda Kimya

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mnunuzi katika duka la ushirika jijini Dar es Salaam angeweza kukuta bei rasmi ya sabuni imebandikwa ukutani na sabuni yenyewe haipo. Bei ilipangwa na Tume ya Bei ya Taifa. Sabuni ilikuwa kwa mlanguzi, chini ya kitanda, na huko bei ilikuwa ya mlanguzi. Kuna familia zilizofulia majani ya mpapai.

Hayo ni maisha ndani ya mdororo uliofungamana na mfumuko wa bei: uzalishaji umedumaa, ajira hazipatikani, na bei bado zinapaa. Kwa kawaida mawili haya hayaandamani. Biashara ikizorota, wateja huishiwa, na muuzaji hulazimika kulegeza bei. Ndiyo maana baada ya A. W. Phillips kuchapisha mwaka 1958 utafiti wake kuhusu mishahara na ukosefu wa ajira Uingereza, wachumi wengi waliamini kwamba serikali inaweza kuvumilia mfumuko kidogo ili watu wengi zaidi wapate kazi. Miaka ya 1970 iliwaumbua.

Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zinazouza mafuta zilisitisha kuiuzia Marekani, na katika miezi michache bei ya pipa duniani ikapanda takriban mara nne. Mafuta yakipanda, hupanda nauli, mbolea na gharama za kuendesha mitambo. Mwenye kiwanda hupandisha bei na papo hapo hupunguza wafanyakazi. Mwishoni mwa 1974 mfumuko wa bei Marekani ulivuka asilimia 12. Mei 1975 wasio na kazi walifika asilimia 9.

Hapo benki kuu hubanwa pande zote. Ikipandisha riba kutuliza bei, viwanda hukosa mikopo na ajira hupungua zaidi. Ikishusha riba kuokoa ajira, huchochea mfumuko. Paul Volcker, aliyeshika benki kuu ya Marekani mwaka 1979, alichagua riba, ambayo mwaka 1981 ilikaribia asilimia 20. Mfumuko ulishuka kweli, lakini mwaka 1982 ukosefu wa ajira ulivuka asilimia 10.

Tanzania ilipigwa mfululizo. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na nchi ikalazimika kujianzishia huduma ilizokuwa ikichangia na jirani zake, likiwemo shirika la ndege. Bei ya kahawa nayo ikaanza kuporomoka. Vikafuata Vita vya Kagera dhidi ya Uganda, kisha mafuta yakapanda tena mwaka 1979. Fedha za kigeni zilikauka. Kiwanda cha nguo kingeweza kuwa na pamba ya kutosha na bado kikasimama kwa kukosa spea. Vingi vilizalisha chini ya theluthi moja ya uwezo wake. Wakati huohuo serikali ilikuwa ikikopa benki kuziba pengo la bajeti, kwa hiyo fedha ziliongezeka mitaani huku bidhaa zikipungua. Kati ya 1980 na 1986 mfumuko ulizunguka asilimia 30 kwa mwaka.

Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako wa wahujumu uchumi. Walanguzi walikuwepo, hakuna ubishi, na wengine walitupa mali usiku wakihofia kukamatwa. Lakini ulanguzi ulistawi kwa sababu bidhaa ziliadimika na bei rasmi haikufanana na hali halisi. Msako haukuzalisha hata mche mmoja wa sabuni. Bajeti ya 1984 iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, maduka yalianza kujaa, ingawa kwa bei zilizowashinda wengi. Mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, nchi ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na dola iliyokuwa kwenye shilingi 17 hivi ikafika 40. Mfumuko haukushuka chini ya asilimia 10 hadi 1999.

Aliyeumia zaidi ni mtu wa mshahara. Mkulima aliweza angalau kula mahindi yake. Karani alipokea noti zilezile zikinunua kidogo zaidi kila mwezi. Ndipo ikaenea “miradi”: kuku uani, bustani ya mchicha, maandazi ya kuuza asubuhi, mara nyingi mikononi mwa wanawake. Katika nyumba nyingi za mijini mradi uliingiza zaidi kuliko mshahara, na ofisini saa nane watu walikuwa wameshaondoka kwenda kulisha kuku.