Kipandauso si Uvivu Wala si Pepo

Maumivu ya kichwa hayawi sawa yote. Yapo yanayopita kwa usingizi mfupi, na yapo yanayomlaza mtu gizani kutwa nzima, hawezi kuvumilia taa, kelele za watoto wala harufu ya chakula. Haya ya pili ndiyo kipandauso. Kichwa hupwita kwa nguvu, mara nyingi upande mmoja, pamoja na kichefuchefu au kutapika. Na yasipotibiwa huweza kudumu baina ya saa 4 na saa 72. Baadhi ya wagonjwa hutanguliwa na vimulimuli machoni.

Maradhi haya huwapata wanawake takriban mara tatu zaidi kuliko wanaume, na sababu moja kubwa ni mabadiliko ya homoni. Ndiyo maana wengi huugua karibu na siku zao za hedhi. Aghalabu hurithiwa pia. Hata hivyo, katika baadhi ya nyumba zetu mgonjwa huambiwa kuwa anakwepa kazi au ana pepo, naye hunyamaza na kumeza vidonge kwa siri. Twakumbusha kwamba imepokewa katika Sahihi ya Bukhari, kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.), kuwa Mtume (S.A.W.) aliumikwa kichwani akiwa katika ihramu kwa sababu ya kipandauso. Maumivu yaliyomfika Mtume wetu, naye akayatafutia tiba, vipi tumkebehi nayo mke, dada au binti yetu?

Dawa ya kutuliza maumivu hufaa zaidi ikinywewa mapema, kichwa kinapoanza. Lakini zihesabiwe siku: atumiaye vidonge vya kawaida siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, huenda dawa yenyewe ikamzalia maumivu mapya. Huyo na aende kwa daktari, kwani zipo dawa za kuzuia kipandauso kisije mara kwa mara.

Mgonjwa aandike katika daftari kila kinapompata: alikula nini, alilala saa ngapi, yuko siku gani ya hedhi. Wengi hugundua kuwa chanzo ni kukosa mlo au usingizi, kiu katika joto la kaskazi, au moshi wa udi na manukato makali. Ramadhani inapokaribia, apunguze kahawa na chai kidogo kidogo, asiache daku, na anywe maji ya kutosha usiku. Akizidiwa, Suratul Baqara, aya ya 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine.

Mwenye kuona vimulimuli amweleze muuguzi kabla ya kuanza vidonge vya kupanga uzazi, kwani vile vyenye estrojeni humzidishia hatari ya kiharusi. Na mtu asingoje nyumbani ikiwa kichwa kimemshika ghafla kwa ukali asioujua, au kimekuja na homa na shingo kukakamaa, ulimi mzito, au udhaifu wa mkono au mguu. Mjamzito mwenye kichwa kikali apimwe shinikizo la damu siku hiyo hiyo.

Aliye nyumbani na mgonjwa afunge pazia, awatoe watoto uani, ashike jiko. Hiyo nayo ni ibada. Twamwomba Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu. Amin.