Mkutubi wa Vitabu Adimu na Hati za Pwani

Katika maktaba nyingi kubwa kuna chumba ambacho msomaji haruhusiwi kujichagulia kitabu rafuni, na anayekisimamia huitwa mkutubi wa vitabu adimu, yaani mtunzaji wa vitabu vilivyosalia vichache mno, au kimoja tu, kiasi kwamba kikipotea hakuna duka wala maktaba nyingine iwezayo kukirudisha. Kwa Waswahili kazi hii ina uzito wa pekee, kwa sababu sehemu kubwa ya vitabu adimu vya lugha yao haikupigwa chapa: ni hati za mkono, zilizoandikwa kwa kalamu na wino, nyingi kwa herufi za Kiarabu, na nakala mbili za utenzi mmoja ni nadra kulingana neno kwa neno.

Hati hizo zimetawanyika. Barua za Kilwa za mwanzoni mwa karne ya 18, ambazo ni miongoni mwa maandishi ya Kiswahili ya zamani zaidi yanayojulikana kusalia, ziko Goa nchini India, kwa kuwa ziliingia mikononi mwa Wareno. Tenzi nyingi za Lamu na Mombasa ziko London katika chuo cha SOAS, zilikofika kupitia wakusanyaji kama William Hichens. Na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina hazina iliyokusanywa chini ya J. W. T. Allen, ambaye orodha yake ya hati na kanda za sauti ilichapishwa mwaka 1970. Nyaraka za Taifa za Zanzibar nazo zina hati na vitabu vya Kiarabu ambavyo UNESCO iliviingiza mwaka 2003 katika rejista yake ya Kumbukumbu ya Dunia.

Saa nyingi za mkutubi humalizikia katika uorodheshaji, yaani kuandika maelezo ya kila hati ili atakayeitafuta aweze kuipata, na hati ambayo haijaorodheshwa, hata ikiwa imefungiwa kabatini, ni sawa na iliyopotea. Ugumu ni kwamba hati nyingi hazina jalada lenye jina wala ukurasa wa anwani, hivyo mkutubi hulazimika kukisoma kitabu kwanza kama kitu, kabla hajakisoma kama maneno. Huhesabu karatasi na kuzipima. Hutazama kama neno lililoandikwa peke yake chini ya ukurasa mmoja ndilo linaloanza ukurasa unaofuata, maana wanakili walitumia neno hilo kulinda mpangilio, na lisipolingana huenda kuna karatasi iliyochopoka. Kisha huinua karatasi mbele ya mwanga kutafuta alama ya maji, yaani mchoro hafifu uliotiwa na kiwanda wakati karatasi inatengenezwa. Karatasi za Italia zenye alama ya hilali tatu, kwa mfano, ziliuzwa kwa wingi katika nchi za Kiislamu, na mkutubi aizoeaye alama hiyo anaweza kukisia umri wa kitabu ambacho hakina tarehe.

Hata chenye tarehe hakiaminiki upesi. Mnakili kwa kawaida hufunga kazi kwa maneno ya tamati, akitaja jina lake na mwaka wa Hijria, lakini wako waliohamisha pia tarehe ya nakala waliyokuwa wakiinakili, na hapo utenzi huonekana mkongwe kuliko karatasi iliyoubeba. Isitoshe, mwaka wa Hijria ni mfupi kwa takriban siku 11 kuliko mwaka wa Miladia, kwa hiyo mwezi usipotajwa mara nyingi mkutubi mwangalifu huandika miaka miwili.

Halafu yaja maneno yenyewe. Katika hati za zamani herufi moja, ile ya be, ilitumika kwa b, p na hata mb, na alama moja ya irabu ilitosha kwa u na o, hivyo maandishi yaleyale yanaweza kusomwa bata, pata au mbata, na kuku huweza kuwa koko. Waandishi wa pwani walibuni alama za kupunguza utata huo, kila mmoja kwa namna yake, na ndiyo maana kuijua khati ya mtu ni msaada mkubwa: Muhammad Kijuma wa Lamu, mshairi, mchonga mbao na mnakili aliyefariki mwaka 1945, aliwaandikia watafiti wa Ulaya tenzi nyingi, na mkono wake hutambulikana mara moja na aliyewahi kuuzoea. Hakuna kozi ya maktaba inayomfundisha mtu jambo hili kwa ukamilifu. Hupatikana kwa kukaa na hati, na kwa kuwauliza wazee waliosoma katika vyuo vya Kurani.

Upande wa utunzaji, fundi mzuri hujulikana kwa yale anayojizuia kuyafanya. Utepe wa gundi hauwekwi juu ya mpasuko, kwa kuwa gundi yake hugeuka manjano na kuila karatasi. Huwekwa ukanda mwembamba wa karatasi ya Kijapani kwa gundi ya wanga wa ngano, ambayo inaweza kubanduliwa kwa maji. Maandishi ya pambizoni, hata yakiwa hesabu ya nazi au tarehe ya kuzaliwa mtoto, hayafutwi. Wino wa masizi hukaa na karatasi kwa amani, ilhali ule uliotengenezwa kwa chumvi ya chuma huitoboa polepole. Adui mkuu wa pwani ni unyevu, kwani unyevu wa hewa ukizidi takriban asilimia 65 ukungu huanza, na mchwa na nondo hawako mbali. Hata hivyo, kiyoyozi kinachozimika kila umeme unapokatika huweza kudhuru kuliko kukosa kiyoyozi, kwa sababu karatasi huumizwa zaidi na kupanda na kushuka kwa unyevu. Chumba chenye kuta nene na hewa inayopita, kikiangaliwa kila siku, si cha kudharauliwa. Glavu nyeupe zinazopendwa na wapiga picha nazo hazihitajiki kwa karatasi, maana hupunguza hisia za vidole na kurahisisha kuchana. Mikono iliyooshwa na kukaushwa yatosha.

Vitabu vingine havitafika maktabani kabisa, na familia zenye navyo zina sababu, kwani zimeona vingi vikiazimwa na kutorudi, na vingine ni wakfu, yaani vimetolewa kwa ajili ya Mungu kwa sharti la kutouzwa wala kuhamishwa, sharti ambalo mara nyingi limeandikwa ndani ya kitabu chenyewe. Mkutubi mwenye busara huenda na kamera. Hati za Msikiti wa Riyadha wa Lamu zilipigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini. Picha zikapatikana kwenye intaneti, na vitabu vikabaki Lamu. Lakini picha iliyopigwa kutoka juu haionyeshi alama ya maji wala unene wa karatasi, na mtafiti aliyekwisha kuusoma utenzi wote kwenye kompyuta bado huomba miadi, ili karatasi ile iinuliwe mbele ya taa.