Hamsini kwa Mia Haitimii Thumni

Nchini Kenya, ploti ya futi 50 kwa 100 imezoeleka kuitwa thumni ya ekari. Jina hilo limezidi kipimo. Ekari moja ni futi za mraba 43,560, kwa hiyo thumni yake ni 5,445. Na 50 mara 100 ni 5,000 tu. Zimepungua futi za mraba 445, nafasi ya kutosha vyumba kadhaa. Ploti yenye upana wa futi 50 barabarani, ili itimie thumni kamili, ingebidi iingie ndani futi 108.9. Jibu hilo limetokana na hesabu ya shule ya msingi: eneo ligawanywe kwa upande unaojulikana, utokee usiojulikana. Naamini kila anayenunua ardhi anapaswa kuifanya hesabu hii mwenyewe, kabla hajatoa hata shilingi.

Sababu ya kugawanya huonekana ukiwaza vigae vya futi moja kwa moja vimetandazwa ploti nzima. Safu ya kwanza, kandokando ya barabara, ina vigae 50, na kila safu ya nyuma yake vivyo hivyo. Eneo ni jumla ya vigae vyote. Kuuliza ploti inaingia ndani kiasi gani ni kuuliza kuna safu ngapi. Lakini vipimo sharti viwe vya jamii moja, na hapa ndipo wengi hukwama, kwa kuwa hati huandikwa kwa hekta ilhali sokoni watu husema futi. Hati ikionyesha hekta 0.0465, hizo ni mita za mraba 465. Upana wa futi 50 ni mita 15.24. Gawanya 465 kwa 15.24, upate takriban mita 30.5, ambazo ndizo futi 100.

Watakuwepo wa kusema kwamba hiyo ni kazi ya mpimaji ardhi. Ni kweli, na hesabu ya daftarini haiwezi kuonyesha mpaka ulipo. Ila mpimaji huitwa na mtu aliyekwisha kushuku jambo, na mgawanyo huu ndio unaoamsha shaka mapema. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba ploti nyingi si mistatili kamili. Tuchukue yenye futi 50 mbele, 40 nyuma, na kina cha 100, pande zake za mbele na nyuma zikiwa sambamba. Wastani wa upana ni 45, hivyo eneo ni 4,500. Ukigawanya kwa 50 unapata 90, nawe umevuta utepe ukasoma 100. Hesabu haijakosea: imekuonyesha kwamba umbo ulilolidhania silo, na futi hizo kumi ndizo zinazokutuma ukapime upande wa nyuma.